Shangazi Aliyeliwa na Televisheni

Kabla sijawa fundi wa kuchoma harusi za watu kwenye DVD, nilikuwa mpiga picha wa wanawake, na kabla ya hapo nilikuwa msichana wa kaunta tu, nikiuza filamu na betri katika duka la picha pale Ngamiani. Tajiri wangu alikuwa Mhindi, Mwislamu wa Tanga tangu babu yake, mtu wa maneno machache na suruali zilizonyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Alinitoa kaunta kwa sababu moja: watu wetu hawampi mwanamume picha za sherehe ya wanawake.

Huku kwetu siku ya kumtoa bibi harusi ni ya wanawake peke yao. Mabuibui yanaachwa chumbani, nywele zinamwagwa mabegani, magauni ambayo hayajawahi kuona jua yanatoka makabatini, na mwanamume pekee anayeruhusiwa kusogea ni yule ambaye bado ananyonya. Picha zake nazo ni hivyo hivyo. Azipige mwanamke, azitengeneze mwanamke, azione mwanamke. Tajiri alipogundua kwamba wateja wanafika mlangoni, wanamwona yeye, wanageuza, alinunua kitambaa kizito cha kijani, akatundika pazia nyuma ya duka, akaweka kompyuta huko, akaniambia, "Huku ni kwako. Mimi siingii, na mtu mwingine haingii." Nikajiona waziri.

Mimi ni mtoto wa foleni. Nimekua nikitumwa kushika nafasi kwa ajili ya sabuni ambayo hakuna aliyekuwa na hakika kama ipo. Dada yangu mkubwa aliolewa miaka ile bila picha hata moja. Mpiga picha alikuwepo, kamera ilikuwepo, filamu ndiyo haikupatikana Tanga nzima, na yule bwana kwa huruma yake akawa anawasha taa ya kamera tupu ili watu wafurahi. Dada alingojea picha zile miezi mitatu. Mpaka leo ukimkumbusha anacheka kwa mdomo tu. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka yakajaa, filamu zikapatikana, halafu filamu zenyewe zikapitwa na kamera za kadi. Kwa hiyo alipokuja mtu akitaka picha mia mbili za harusi moja, mimi sikumcheka.

Tatizo likawa ni wapi pa kuzitazamia. Kompyuta wakati ule ilikuwa kitu cha ofisini. Nyumbani kulikuwa na televisheni ya chogo, ile yenye kisogo kinene nyuma, iliyokuja kwa kupitia Unguja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na chini yake deki ya DVD. Ukiwapa watu picha kwenye CD, deki inazitoa zimelala ubavu, au inaandika kwamba haioni kitu, na wao wanarudi dukani kukuuliza umewauzia nini. Walichotaka ni kukaa mkekani, kubonyeza rimoti mara moja, na harusi ijipitishe yenyewe, picha moja ikitoka nyingine ikiingia, na taarabu ikiimba chini yake.

Hiyo ndiyo kazi niliyojifunza nyuma ya pazia, peke yangu, kwa kubahatisha. Nilizipanga picha, nikachagua nyimbo, nikaweka madoido. Lo, madoido! Picha zilizunguka, zilipasuka kama glasi, ziliingia kwa umbo la moyo. Bibi harusi wangu wa kwanza alizungushwa mpaka mama yake akasema anasikia kichefuchefu. Ukimaliza hayo unaiachia kompyuta igeuze kila kitu kiwe kile ambacho deki inakielewa, na hapo unaweza kwenda sokoni, ukapika, ukala, ukarudi, ukaikuta bado inahangaika. Mwisho unachoma diski. Nikaipata sifa, na sifa nikaipenda. Nilianza kuongea kama fundi.

Ndipo ikaja harusi ya mtaa wa Nguvumali. Bibi harusi alikuwa mwalimu, binti mpole mwenye kicheko cha ghafla, na mwanamume alitoka Mombasa. Fungate walikaa hapo hapo nyumbani kwa bibi harusi, na siku ya Ijumaa, baada ya sala, walikuwa wavuke mpaka wa Horohoro kwenda kwao kwa mume. Walitaka DVD kabla ya hapo, moja ibaki, moja iende kwa wakwe.

Baba wa binti alikuwa amefariki. Upande wake wote katika nyumba ile ulikuwa mtu mmoja, shangazi aliyetoka Mwera. Na alikuwa mtu kweli. Watu walinisimulia kwamba miaka ya dhiki, mama wa bibi harusi alipokuwa yeye ndiye anaolewa, shangazi huyu ndiye aliyekwenda Mombasa kumtafutia nguo za harusi, akarudi amejizungushia vitambaa mwilini chini ya buibui. Alipita mpakani akienda ni mwembamba, akarudi akiwa na mimba ya miezi tisa, na askari akamwombea ajifungue salama.

Siku ya kumtoa bibi harusi nilimwona kwa macho yangu. Kila nilipoinua kamera, shangazi alitangulia mbele yangu kupanga watu. "Wewe mrefu, nyuma huko. Mama mtu, kaa karibu na mwanao, unaogopa nini? Na wewe, funga mdomo, huo si wakati wa sambusa." Aliwapanga mpaka wakatulia, kisha akakimbia kushika nafasi iliyobaki, ambayo siku zote ilikuwa ya mwisho kabisa, pembeni. Mimi nikabonyeza. Tulifanya hivyo mchana kutwa, yeye anapanga, mimi napiga, na nilimpenda kwa sababu alinipunguzia kazi nusu.

DVD nilizikabidhi Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeinuka kidogo kwa vidole vya miguu. Jumanne nilifungua duka nikamkuta mama wa bibi harusi kibarazani, diski mkononi, uso umevimba.

"Binti, wifi yangu umemkata kwa nini?"

"Nimemkata nani?"

"Shangazi mtu! Jana tumekaa sote tunatazama. Kila picha ya mkusanyiko, yeye ni mkono tu. Mkono na bangili. Nyingine hata mkono haupo. Wageni walipoondoka kaniuliza, wifi, umemwambia anitoe? Mie nikacheka, nikijua utani. Kafunga fuko lake saa ile ile, kaenda zake Mwera. Kasema nikishatolewa kwenye picha, na kwenye ukoo nimetoka. Na mwanangu anaondoka Ijumaa. Hataki kuondoka bila radhi za shangazi yake, na mtu wa kusimama mahali pa baba yake hana mwingine. Tangu jana hali chakula."

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilimshika mkono mama wa watu nikamvutia nyuma ya pazia, nikawasha kompyuta, nikafungua picha. Huyo hapo shangazi, mzima, pembeni kulia, na bangili zake. Picha ya pili, huyo. Ya tatu, pembeni kushoto, huyo.

"Basi mbona nyumbani hayupo?" akauliza.

"Labda televisheni yenu ni mbovu."

"Televisheni yangu haina hata mwezi!"

Tulikuwa tumeanza kupandishiana sauti, tajiri akakohoa upande wa pili wa pazia. Alikuwa amesikia yote. "Televisheni si mbovu," akasema. "Zote hula pembeni."

"Hula nini?"

"Pembeni. Juu, chini, kulia, kushoto. Kompyuta inakuonyesha picha nzima. Ile ya chogo inameza kingo zote. Tangu enzi za kanda ni hivyo hivyo. Hukujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinionyesha?"

Televisheni ya dukani ilikaa mbele, imeelekea barabarani, ili wapita njia wavutike. Picha za harusi za wanaume, za msikitini, nilikuwa nazijaribu hapo, na waliomezwa pembeni walikuwa nguzo na watu waliosimama tu kutazama, kwa hiyo sikugundua. Lakini za wanawake ningeziwekaje pale, wauza kahawa wazitazame? Nilizikagua nyuma ya pazia kwenye skrini ya kompyuta, nikaziona zimekamilika, nikazikabidhi. Nilikuwa nimewasitiri wanawake wa watu vizuri mno, mpaka mmoja akapotea.

Niliona aibu. Niliona aibu hata ya kumtazama mama mtu. Nikamwambia, "Nitaitengeneza upya. Na Mwera nitakwenda mwenyewe."

Jumatano nikachapa picha moja kubwa, ile ambayo shangazi ametoka vizuri zaidi, nikaitia kwenye bahasha nikaenda. Nilimkuta uani kwake anakuna nazi. Hakuinuka kwenye mbuzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe si ndiye mwenye mkasi?"

"Sina mkasi, shangazi. Ni televisheni iliyofanya hivyo."

"Televisheni ina mikono?"

Nikamtolea picha. Alijifuta vidole kwenye kanga, akaitazama muda mrefu. Nikamweleza habari ya kingo, ya kompyuta na chogo, ya pazia na wauza kahawa. Nilieleza vibaya kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeyajua jana yake. Yeye akawa ananitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi.

"Kwa hiyo imenikata mitambo," akasema. "Mimi peke yangu. Bibi harusi haikumkata, mama mtu haikumkata, yule mla sambusa haikumkata."

"Kwa sababu uliwapanga wao katikati, shangazi. Ukajiweka mwisho wewe."

Alirudi kukuna nazi. Nikafikiri mazungumzo yamekwisha. Baadaye, bila kuniangalia, akasema, "Hii karatasi ninayo mimi huku Mwera. Wakwe wa Mombasa watatazama ile ya televisheni. Watamwuliza mwanangu, kwani upande wa baba huna mtu? Atawajibu nini?" Hapo sauti yake ilibadilika. "Nitakuja Ijumaa asubuhi. Nikijiona, nitampa mwanangu radhi zake. Nisipojiona, nyumba ile nimeshaiaga."

Nilirudi mjini na siku moja mkononi. Dawa ilikuwa nyepesi kuisema: kila picha niipunguze, niizungushie ukanda mweusi pande zote nne, ili televisheni ikishaanza kula, imeze giza na ituachie watu wetu. Lakini programu yangu haikujua kupunguza zote kwa pamoja. Nilizifanya moja moja, picha mia na sitini na kitu, na nikiwa humo nikayatoa na madoido yote. Mioyo nikaifuta. Sikutaka shangazi apasuke kama glasi.

Alhamisi tajiri alifanya jambo ambalo sijalisahau. Aliibeba televisheni ya dukani, ile ya chogo, nzito kama mfuko wa saruji, akaileta hadi kwenye pazia, akageuza uso wake ukutani asione picha za wanawake, akaanza kurudi kinyumenyume nayo mpaka nikaipokea. Alijigonga mlango wa stoo na kiti, na hakugeuka. "Jaribu hapo hapo kwako," akasema akiwa ameelekea ukutani. "Ukihitaji kuirudisha nipigie kelele, nije na mgongo wangu."

Saa tano nikaiachia kompyuta igeuze. Saa saba na nusu, ikiwa imebakisha kidogo tu, umeme ukakatika. Ilikuwa siku za mgao na zamu yetu ilikuwa usiku, lakini siku hizo hata mgao wenyewe ulikuwa haufuati mgao. Kila kitu kikazimika na kazi ya kugeuza ikapotea yote. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa hasira, mtu mzima mimi. Tajiri akatoka, akaenda kuomba jenereta ya shemeji yake, ikaletwa kwenye toroli, ikawekwa barazani ikaanza kunguruma na kutoa moshi mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kama tunahamia sisi au ahame yeye. Tukaanza upya. Kabla ya magharibi diski zote mbili zilikuwa zimechomwa. Niliiweka moja kwenye deki, nikabonyeza, nikatazama chogo. Pembeni kulia, ndani ya ukanda mwembamba mweusi, shangazi alisimama mzima, kidevu juu. Nikapiga kigelegele peke yangu nyuma ya pazia, na tajiri akauliza kama nimeungua.

Ijumaa asubuhi nyumba ya Nguvumali ilijaa wanawake wale wale. Bwana harusi alitolewa nje pamoja na wajomba, masanduku yalikuwa yamefungwa tayari ukumbini. Shangazi alifika saa tatu. Alisalimia kila mtu kwa mkono, vizuri kabisa, kisha akakaa karibu na mlango bila kuvua buibui, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Bibi harusi alitaka kumfuata, mama yake akamshika nguo, maana alijua wakati haujafika.

Nikatia diski. Kwa haraka nikabonyeza kitufe sicho, ikaandika maneno ya Kichina, watu wakaguna. Kisha taarabu ikaanza na picha ya kwanza ikaingia. Bibi harusi peke yake. Ya pili, bibi harusi na mama yake. Ya tatu ilikuwa ya mkusanyiko, na mwishoni kulia, huyo, mkono na bega na uso na bangili, shangazi mtu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Walimpigia katika kila picha aliyotokea, na yeye aliitazama mpaka mwisho bila kutikisika. Nikazima. Nilikuwa nangojea aseme nipo, nimejiona, yaishe. Badala yake akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, lakini chumba kizima kilisikia.

"Mwanangu, haya ya televisheni nimeyaelewa sasa. Imekula kingo, haina kosa, ni bati na kioo. Lakini Jumatatu tulikuwa hapa wanawake arubaini. Zilipita picha mia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, jamani, shangazi mtu yuko wapi. Na hilo nalo ni chogo?"

Nilitamani umeme ukatike. Mmoja akaanza kukunja ncha ya kanga yake, mwingine akamnyamazisha mtoto ambaye hakuwa analia. Nilimtazama mama wa bibi harusi, nikaona anatafuta uongo mzuri, na nikaona anauacha.

"Wifi," akasema, "nisikudanganye. Sikuona kama hupo. Nilikuwa najitazama mimi. Picha zote zile, nilikuwa natazama lile gauni langu na kusema moyoni, ya Rabbi, lini nimenenepa hivi?"

Halafu kutoka pembe ya chumba mtu akasema, "Mie nilikuwa natazama wanja wangu ulivyomwagika." Mwingine akasema yeye alikuwa anangojea picha aliyokaa karibu na dirisha, na ikaja akiwa amefumba macho, na tangu hapo hakuona kitu kingine. Jirani mmoja mnene akakiri kwamba ndiye mla sambusa na alikuwa anaomba isitokee. Bibi harusi, uso mikononi, akasema, "Shangazi, mimi nilikuwa nahesabu maua ya piko niliyochorwa mikononi kama yamelingana." Na kicheko chake kile cha ghafla kikamtoka, kikachanganyika na machozi.

Shangazi aliwageukia mmoja mmoja, kama siku ile alipokuwa anawapanga. Mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja.

"Na mie je?" akasema. "Nilikuwa namtafuta nani kama si mimi?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mama mtu alicheka mpaka akamwangukia wifi yake begani, na wifi hakumsukuma. Kulipotulia, shangazi akasimama, akavua buibui, akampa wa karibu amtundikie. Akapita katikati ya watu mpaka kwenye mkeka, akakaa, akaliita jina la bibi harusi. Binti akaja akapiga magoti. Shangazi akamwekea mikono yote miwili kichwani, akampa radhi zake, akamwombea kwa niaba ya kaka yake marehemu, na mama mtu akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sote.